Bastet: "Mungu Paka" au "Mungu wa Kike"?

Mfasiri wa habari za dini ya Misri ya kale, afikapo kwa Bastet, huvutwa mara moja kuandika "mungu paka". Sisi twaona kuwa istilahi hiyo yapotosha. Paka alikuwa mnyama wa Bastet. Hakuwa Bastet mwenyewe. Tena Bastet hakuanza na sura hiyo. Michoro ya kale kabisa humwonyesha mwanamke mwenye kichwa cha simba jike. Kichwa cha paka kilienea baadaye sana, katika miaka elfu moja ya mwisho kabla ya kuzaliwa Kristo. Istilahi ikifungwa kwa paka, simba huachwa nje, na msomaji hupotea.

Je, tuseme "mungu jike"? Kimisri kilitosheka na alama moja ya kike, yaani ile t ya mwishoni mwa jina lake, kwa wanawake na kwa wanyama pia. Kiswahili hutenga: jike ni la mnyama, na mwanamke aitwaye hivyo hukasirika, tena kwa haki. Kwa hiyo twapendekeza "mungu wa kike", kwa herufi ndogo, kisha kichwa chake kitajwe kwa kufuata zama zinazozungumzwa.

Mji wake, Bubastis kwa Wagiriki, uliitwa kwa Kimisri "Nyumba ya Bastet". Magofu yake yako Tell Basta, karibu na Zagazig. Ama paka, Wamisri walimwita miu, neno ambalo mtoto wetu asemaye "nyau" asingalilishangaa.