Kalemie: Treni ya mikebe inaweza kutunza kumbukumbu ya reli yetu

KALEMIE – Mtoto wa Kalemie hangoji kufundishwa namna ya kutengeneza treni. Anaokota mikebe ya sardini, anaitoboa kwa msumari, anaiunganisha kwa waya, anakata magurudumu kwenye sandali kuukuu za plastiki. Kisha anaivuta mchangani huku honi ikipigwa kwa mdomo. Mwandishi wa habari hii naye alikuwa na yake, yenye wagoni tano.

Kwa wengi wetu mchezo huo huisha shule ya sekondari ikianza. Lakini mahali pengine duniani unaendelea mpaka uzeeni. Mjini London kuna klabu ya wapenzi wa treni ndogo iliyoanzishwa mwaka 1910, nayo ingali hai. Mjini Hamburg, Ujerumani, ndugu wawili mapacha, Frederik na Gerrit Braun, walifungua mwaka 2001 maonyesho yanayoitwa Miniatur Wunderland. Leo yana zaidi ya kilomita 15 za reli ndogo na treni zaidi ya 1,000, na watalii hulipa tiketi ili kuzitazama.

Tunaweza kusema hayo ni mambo ya watu wenye pesa na wakati wa kupoteza. Lakini mji uliozaliwa na ziwa na kukuzwa na reli, kama wetu, una sababu ya kuyaangalia upya.

Reli iliyokuza mji

Kampuni ya CFL, iliyoundwa mwaka 1902, ilifikisha reli kutoka Kabalo hadi ufuko wa Tanganyika mwaka 1915, umbali wa kilomita 273 kando ya bonde la Lukuga. Mwaka huohuo reli hiyo ilibeba mzigo wa ajabu: mashua mbili za kivita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizoletwa kutoka Afrika Kusini kupambana na meli za Wajerumani ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ya Kijerumani Kingani.

Ng'ambo ya ziwa, reli ya kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Kwa hiyo Albertville, kama mji ulivyoitwa wakati wa ukoloni, ukawa mlango kati ya mto Kongo na Bahari ya Hindi. Mwaka 1956 reli ya kutoka Kamina iliungana na yetu pale Kabalo, na Katanga ya kusini ikafikika kwa treni. Tangu mwaka 1974 njia hizo zimo mikononi mwa shirika la serikali, ambalo leo ni SNCC.

Wakaaji wanajua hali ya sasa: treni inapita kwa nadra, na safari yake haina saa ya uhakika. Ziwa nalo limepanda katika miaka ya karibuni, likatia maji kwenye nyumba na barabara za ufukweni. Akina papa walioendesha treni, waliopanga wagoni bandarini na waliopiga simu kutoka gare hadi gare wanazidi kupungua. Wengi wao hakuna aliyeandika wanachojua.

Hapo ndipo treni ndogo inapoacha kuwa mchezo. Kinachotofautisha modeli na treni ya mikebe ni vitu viwili: kipimo na ratiba. Na vyote viwili havipatikani bila kuwauliza wazee wa reli.

Kipimo: hesabu kabla ya nyundo

Katika modeli, kila kitu hupunguzwa kwa kiasi kilekile. Kipimo kinachotumiwa zaidi duniani kinaitwa HO: kila kitu hugawanywa kwa 87. Mtu wa mita 1.70 anakuwa na sentimita 2 hivi. Reli kubwa za Ulaya zina upana wa milimita 1,435 kati ya chuma na chuma. Gawanya kwa 87, unapata milimita 16.5. Huo ndio upana wa reli ndogo zinazouzwa madukani ya huko.

Reli yetu ni nyembamba zaidi. Ina milimita 1,067, sawa na ile ya Zambia, Afrika Kusini na New Zealand. Watu wa New Zealand walipata njia rahisi: ukigawanya 1,067 kwa 64, jibu ni karibu 16.7. Kwa hiyo wanajenga wagoni zao kwa kipimo cha 1 kwa 64, wakitumia reli zilezile za dukani za milimita 16.5. Hesabu hiyo inafaa pia Kalemie. Wagoni ya mita 12 inakuwa na sentimita 19, na mkebe uliokunjuliwa unatosha kutengeneza ubavu wake.

Lakini hata kwa kipimo hicho, njia nzima ya kutoka Kabalo ingehitaji zaidi ya kilomita 4. Hakuna ukumbi wa kuiweka. Ndiyo maana wajenzi huchagua sehemu moja yenye maisha. Kwa upande wetu, gare na bandari zingetosha: gati, kreni, reli zinazoachana na kukutana, meli inayongoja mzigo.

Halafu lazima uchague mwaka. Mpaka mwaka 1955 reli za CFL zilikuwa na upana wa mita moja kamili, ndipo zikapanuliwa. Kwenye modeli ya 1 kwa 64, tofauti hiyo ni milimita moja tu. Lakini nyuma yake kuna kazi kubwa ya mikono kwenye reli yote, na kuna jambo linalogusa biashara hadi leo: reli ya Kigoma bado ina upana wa mita moja. Wagoni ya kule haiwezi kuendelea na safari huku hata kama meli ingeivusha. Mzigo lazima ushushwe na kupakiwa tena. Mtoto akiliona jambo hilo kwenye meza, analielewa kwa dakika moja.

Umeme wa betri ya pikipiki

Treni nyingi za modeli hutumia umeme wa volti 12, sawa na betri ya pikipiki au ya sola. Umeme unapita kwenye chuma cha kushoto, unaingia kwenye mota kupitia magurudumu, na kurudi kwa chuma cha kulia. Ukigeuza nyaya, treni inarudi nyuma. Ukipunguza umeme, inapunguza mwendo.

Hapa ndipo treni ya mikebe ingeshindwa mara ya kwanza. Magurudumu ya chuma kwenye mhimili wa chuma yangeunganisha reli mbili, na umeme ungepita hapo bila kufika kwenye mota. Mhimili wa mti au wa plastiki unamaliza tatizo. Mota ndogo hupatikana ndani ya kaseti na DVD zilizokufa, ila nyingi hutaka volti chache kuliko 12, hivyo fundi wa radio ashushe umeme kwanza. Na fyuzi ni ya lazima: betri ikiunganishwa vibaya inaweza kuchoma nyaya, na hata nyumba.

Ratiba: siri ya wazee

Katika maonyesho mazuri treni haizunguki tu kama mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Inafanya kazi. Mtu mmoja ni shefu wa gare, mwingine dereva, mwingine anapanga wagoni. Kila wagoni ina kadi yake inayosema imebeba nini na inakwenda wapi: saruji, mahindi, ndagala, bidhaa za kutoka ng'ambo. Saa ya ukutani huharakishwa, saa nzima ikapita kwa dakika kumi hivi, ili siku ya reli iishe katika jioni moja.

Njia ya Kalemie kwenda Kabalo ni ya reli moja. Treni mbili zinazoelekeana zinaweza kupishana tu kwenye gare yenye reli ya pili. Nani angoje Niemba, nani apite, na nani anatoa ruhusa? Ni sheria gani ilizuia ajali simu ilipokatika? Majibu hayaonekani kwenye picha za zamani. Yamo kichwani mwa mzee aliyekaa gare usiku na taa mkononi.

Kazi hii pia inagawanyika vizuri. Katika klabu nyingi kila mwanachama hujenga ubao wake nyumbani, mradi urefu wa miguu na mahali reli inapotokea ukingoni vilingane na vya wenzake. Siku ya maonyesho mbao huunganishwa kwa bolti, na treni inapita kutoka ubao hadi ubao. Shule moja ingejenga bandari, nyingine Nyunzu, nyingine daraja.

Jirani zetu wameanza na vyuma vikubwa. Jumba la makumbusho la reli la Nairobi, lililofunguliwa mwaka 1971, linatunza injini za mvuke, zikiwemo mbili kubwa za aina ya Garratt zilizopewa majina ya milima, Mount Gelai na Mount Shengena. Kutunza chuma cha namna hiyo kunahitaji uwanja, mafuta, mafundi na bajeti. Ubao wa mita nne unaingia kwenye darasa.

Pa kuanzia

Pa kuanzia ni daftari na futi ya kupimia. Kwanza, mwombe ruhusa shefu wa gare kabla ya kupima au kupiga picha. Usiingie relini kisirisiri. Pili, pima wagoni moja tu: urefu, upana, kimo, idadi ya magurudumu. Gawanya kila namba kwa 64 na uichore kwenye karatasi.

Tatu, peleka mchoro huo kwa papa au babu aliyefanya kazi ya reli katika mtaa wako, ukae naye akusahihishe. Atakuonyesha mlango uliousahau na breki uliyoiweka upande usio wake, kisha ataanza kusimulia. Uwe na kalamu tayari.