Laptopu ikichoka, usikimbilie kununua mpya

Msimu uliopita uongozi wa chama kimoja cha ushirika cha msingi cha wakulima wa kahawa uliniomba niwasaidie kupanga bajeti. Katika rasimu yao nilikuta kifungu cha kununua kompyuta mpya. Nilipouliza sababu, katibu alinijibu kwa vitendo. Aliwasha laptopu ya ofisi, akatoka kwenda kunywa chai, na aliporudi ndipo ilikuwa inamalizia kuwaka.

Fedha za kununua kompyuta hiyo zingetokana na makato ya kila kilo ya kahawa ya mwanachama. Kwa hiyo niliomba tuifungue kwanza ile iliyopo. Prosesa ilikuwa nzima, kioo kizima na kibodi nzima. Kilichochoka ni diski, na ramu ilikuwa ndogo, gigabaiti 4 tu. Tulibadilisha vitu hivyo viwili, tukaweka programu upya, na kile kifungu kikaondolewa kwenye bajeti.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wengi hutumia laptopu zilizokwishatumika. Zikianza kuganda, huonekana zimefika mwisho. Mara nyingi sivyo.

Ghala na uwanja wa kuanikia

Ndani ya kompyuta, diski ni ghala. Humo ndimo zinamokaa hesabu, barua na picha zako hata umeme ukizimwa. Ramu ni uwanja wa kuanikia. Unachofanyia kazi sasa hivi hutolewa ghalani na kutandazwa hapo. Uwanja ukiwa mdogo, kompyuta hulazimika kubeba mizigo kwenda na kurudi ghalani, na hapo ndipo inapoganda.

Diski za zamani zina sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 kwa dakika katika laptopu, na mkono unaosoma juu yake. Husoma takriban megabaiti 100 kwa sekunde. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka. Zile zinazoingia kwenye nafasi ileile ya diski ya zamani husoma takriban megabaiti 500 kwa sekunde, na hustahimili zaidi mtikisiko wa pikipiki na barabara mbovu.

Je, inalipa? Tuchukue mfano wa karani anayepoteza nusu saa kila siku akisubiri kompyuta. Kwa siku 26 za kazi ni saa 13 kwa mwezi, yaani zaidi ya siku moja na nusu ya mshahara unaolipwa kwa kutazama kioo. Andika thamani ya saa hizo, kisha ilinganishe na bei ya diski, ramu na fundi. Kanuni yangu ni rahisi: gharama zote zikizidi nusu ya bei ya laptopu nyingine nzuri iliyotumika, achana na matengenezo.

Kabla ya kwenda dukani

Usinunue kwa kukisia. Fungua mfuniko wa chini, au mwombe fundi aufungue, msome maandishi yaliyo kwenye ramu. Ramu za DDR3 na DDR4 haziingiliani. Pengo lake liko mahali tofauti, na ukilazimisha utavunja. Laptopu nyingine huhitaji DDR3L, inayotumia volti 1.35 badala ya 1.5. Baadhi ya laptopu nyembamba zina ramu iliyochomelewa kabisa, nazo haziongezeki. Kwa kazi za ofisi, gigabaiti 8 zinatosha.

Kwa upande wa diski, angalia kama nafasi ni ya inchi 2.5 au ni ile ndogo ya M.2. Hata hizo za M.2 ziko za aina mbili, SATA na NVMe, hivyo nenda na ya zamani mkononi. Gigabaiti 240 au 256 zinatosha kwa daftari la chama au duka. Dai risiti na dhamana ya maandishi, na ijaribiwe mbele yako kwa kunakili faili kubwa na kulifungua tena.

Nakala kwanza, bisibisi baadaye

Hapa ndipo penye hasara kubwa. Miaka michache kabla sijafika, fundi mmoja aliitwa kwenye chama hicho 'kupiga Windows', kama wasemavyo mitaani. Kompyuta iliwaka vizuri, lakini orodha ya waliokopeshwa mbolea ilifutika, na hapakuwa na nakala. Waliodaiwa walisema wamelipa. Hakuna aliyeweza kuthibitisha wala kukanusha. Mwishowe deni lilifutwa. Maana yake ni kwamba waliolipa kwa uaminifu waliwalipia na wasiolipa.

Kwa hiyo nakili kumbukumbu zote mahali pawili, kwa mfano kwenye diski ya nje na flashi, kisha zifungue kwenye kompyuta nyingine uhakikishe zinasomeka. Andika pia nywila na namba za leseni za programu zako. Ikiwa diski ya zamani inatoa mlio wa kugonga, usiendelee kuiwasha ovyo. Nakili yaliyo muhimu kwanza.

Baada ya hapo zima kabisa, chomoa chaja, toa betri au chomoa waya wake, na gusa chuma kuondoa umeme tuli mwilini. Kisha badilisha. Diski ya zamani usiifute. Iweke kabatini msimu mzima, ndiyo akiba yako ya mwisho. Siku ukiitupa, hakikisha imefutwa kabisa, kwani ina namba za akaunti za watu.

Programu ipi iwekwe?

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba, 2025. Windows 11 huhitaji ramu ya angalau gigabaiti 4, kifaa cha usalama cha TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel, kwa ujumla kizazi cha nane au zaidi. Laptopu yako ikitimiza masharti hayo na Windows 10 yake ilikuwa halali, kuhamia Windows 11 hakuna malipo ya leseni.

Ikiwa ni ya zamani zaidi, iko Linux Mint, ambayo ni ya bure, pamoja na LibreOffice inayofungua majedwali ya Excel. Hata hivyo, hakikisha kwanza kuwa programu yako ya hesabu au ya printa inafanya kazi humo. Jiepushe na Windows za wizi. Anayekupa programu iliyovunjwa kufuli anaweza kukuwekea na virusi. Vyovyote itakavyokuwa, chagua ya biti 64, kwa kuwa ile ya biti 32 kwa kawaida haiwezi kutumia ramu inayozidi gigabaiti 4.

Katika chama kile, kazi yote ilichukua siku moja. Sasa kila Ijumaa jioni katibu hunakili daftari kwenye flashi mbili. Moja hubaki kwenye kasha la fedha, nyingine huondoka na mweka hazina. Mwanachama akiuliza deni lake, anaonyeshwa.