Kompyuta Mpya Ikigoma, Mwenye Kudai Alete Ushahidi

Mafakihi wana kanuni mbili ambazo kila aliyekaa mkekani mbele ya maalimu zimempitia masikioni. Ya kwanza ni kwamba yakini haiondoshwi na shaka. Ya pili ni kwamba ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Kanuni hizi tumezizoea katika udhu na sala, katika madeni, na katika mashauri yanayofika kwa kadhi. Leo nataka kuzitaja katika jambo ambalo wazee wetu hawakuliona, nalo ni kompyuta ya mezani iliyoundwa nyumbani, kipande kwa kipande, kisha ikakataa kuwaka.

Wapo vijana wetu siku hizi, hapa Mombasa na kwengineko pwani, wasiotaka kununua kompyuta iliyokwisha kuundwa. Hununua sanduku tupu mahali pamoja, pawa saplai mahali pengine, kisha ubao mkuu ambao wao huuita mazabodi, prosesa ambayo ndiyo akili ya chombo, vijiti vya kumbukumbu viitwavyo ramu, diski ya kuhifadhia kazi, na kadi ya video ya kutolea picha. Halafu huketi na bisibisi wakaviunga. Faida yake ni kwamba mtu hulipia anachokihitaji tu, na kipande kimoja kikifa hubadilishwa chenyewe. Hasara yake ni kwamba siku chombo kikigoma, hakuna mtu mmoja wa kumshika shati. Kila muuzaji hushikilia kwamba chake kilikuwa kizima kilipotoka dukani.

Kesi ya namna hii niliishuhudia Kibokoni, nyumbani kwa jirani yangu mmoja mjane. Mwanawe hupiga na kuhariri video za arusi. Mama alipopata zamu yake ya mchezo, pesa alizozichanga wiki kwa wiki kutokana na mahamri na viazi vya karai, alimkabidhi kijana zote anunue chombo cha kazi. Kijana akanunua, akaunda, akabonyeza swichi. Feni zikazunguka, taa zikawaka, na skrini ikabaki nyeusi kama tako la chungu. Akazima, akawasha, akazima tena, usiku kucha. Asubuhi akasema kwamba aliyemuuzia ubao mkuu ni mwizi, amempa kitu kibovu naye akijua, na kwamba baada ya sala ya adhuhuri atakwenda kumtangaza dukani mbele ya wateja wake.

Waama, hapo palikuwa na hatari kubwa kuliko ile ya pesa. Muuzaji huyo ni mtu wa mtaa, na huswali safu moja na ami zake kijana. Kumwita mwenzako mwizi ni neno zito, na likishatoka halirudi kinywani. Mama mtu akaniomba nimtafutie fundi kabla ya adhuhuri. Nikamwendea mzee mmoja aliyeanza ufundi kwa redio za betri na ambaye sasa hutengeneza kila chenye waya. Akaja na mkoba wake, akaketi, na kabla ya kugusa chochote akauliza swali.

"Mwanangu, una yakini gani?"

"Nina yakini ubao ni mbovu, babu."

"Hiyo ni shaka. Mimi nakuuliza yakini. Kipi ulichokiona kwa macho yako?"

Kijana akafikiri, kisha akasema kwamba feni zinazunguka. Mzee akamwambia atwae daftari aandike: umeme unaingia. Hiyo ikawa yakini ya kwanza.

Msomaji asiyeijua kompyuta yafaa afahamu jambo moja. Chombo hiki kikiwashwa, kabla ya kuleta picha yoyote, hujipima chenyewe. Programu ndogo iliyoandikwa ndani ya ubao mkuu, iitwayo bayosi, huamka kwanza. Huitambua prosesa, ikaipima ramu, ikaitafuta kadi ya video, ndipo ikaiendea diski. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilitoa mlio mmoja mfupi kusema kwamba yote ni salama, na milio ya namna nyingine kueleza kasoro. Mbao nyingi za leo hazina kispika cha kulia, bali zina vitaa vinne vidogo pembeni: cha prosesa, cha ramu, cha kadi ya video na cha diski. Kitaa kinachobaki kinawaka huonyesha hesabu imekwama wapi. Katika ubao wa kijana kitaa cha prosesa ndicho kilichobaki. Lakini mzee akaonya kwamba kitaa ni dalili, wala si hukumu.

Kwanza akaiwacha kompyuta iwake robo saa nzima bila ya kuigusa. Ramu za kizazi kipya cha DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa kujipanga mara ya kwanza, skrini ikiwa giza, na mwenye kuzima kila nusu dakika huikata kauli kila inapotaka kusema. Ramu za kijana zilikuwa za DDR4, ambazo hazina ada ya kukawia hivyo, lakini robo saa haina gharama. Giza halikuondoka. Likaandikwa daftarini.

Kisha akaanza nje akielekea ndani. Waya wa skrini ulikuwa umechomekwa kwenye ubao mkuu. Prosesa ya kijana ilikuwa ni Ryzen 5 5600 ya AMD, na aina hiyo haina uwezo wa kutoa picha yenyewe; kazi hiyo ni ya kadi ya video, na waya lazima uchomekwe kwenye kadi. Mzee akauhamisha. Skrini ikabaki nyeusi vile vile, na kijana akanyosha mkono aurudishe waya pale ulipokuwa.

"Uwache hapo," mzee akasema. "Hilo lilikuwa kosa, na limeondoka. Kubaki kwa giza maana yake kuna kosa la pili."

Neno hili lafaa likumbukwe. Wengi hupotea papa hapa. Hupata kosa la kweli, wakalisahihisha, na kwa kuwa mgonjwa hakuinuka hapo hapo, hudhani dawa haikuwa dawa. Hurudisha kosa mahali pake, wakaendelea kutafuta huku wamelibeba mgongoni.

Baada ya skrini zikafuata waya za umeme. Ubao mkuu hulishwa na plagi kubwa ya pini 24, na prosesa hulishwa na plagi yake peke yake, aghalabu ya pini 8, karibu na pembe ya juu. Anayeunda kwa mara ya kwanza mara nyingi huisahau hii ya pili, nayo feni huzunguka kama kawaida zikamhadaa. Ipo pia plagi ya pini 8 ya kadi ya video, inayofanana nayo kama pacha, lakini mpangilio wake wa umeme ni mwengine, na haifai kabisa kulazimishwa mahali pa nduguye. Za kijana zilikuwa sawa. Zikaandikwa.

Zikaja ramu. Vijiti viwili, katika ubao wenye nafasi nne, aghalabu hukaa nafasi ya pili na ya nne kutoka kwenye prosesa, na hukandamizwa mpaka vilie "ta". Mzee akavitoa, akavirudisha kimoja kimoja, kila kimoja kikapewa zamu yake peke yake. Hakuna kilichobadilika.

Hapo akafanya jambo ambalo lilinikumbusha chuoni. Mtoto akikwama katika aya ndefu, maalimu hamkaripii aendelee. Humrudisha kwenye neno, na neno likimshinda humrudisha kwenye herufi, mpaka alifu kwa ujiti. Mzee akaitoa mitambo yote sandukuni, akaulaza ubao juu ya boksi la karatasi ulilonunuliwa nalo. Akabakiza prosesa na feni yake, kijiti kimoja cha ramu, kadi ya video na pawa saplai. Diski akaiweka kando, na kila waya wa sanduku akaung'oa. Kuitoa sandukuni kuna sababu: skrubu iliyoanguka nyuma, au kile kiguu cha shaba cha kuuinulia ubao kikiwekwa pasipo mahali pake, huweza kugusa mgongo wa ubao na kuufunga umeme. Akaiwasha kwa kugusanisha pini mbili za swichi kwa ncha ya bisibisi. Kitaa cha prosesa kikawaka kama kwanza. Basi sanduku lilikuwa halina lawama, wala diski, wala swichi. Yakini zikazidi daftarini, na mahali pa kujificha kosa pakazidi kuwa padogo.

Akaing'oa prosesa na kuitazama pini zake mbele ya dirisha. Zote zilikuwa zimenyooka. Alipokuwa akiirudisha, akainama akasoma kijibandiko kidogo kilichobandikwa juu ya chipu ya bayosi. Kilikuwa na namba ya toleo la programu, na toleo lenyewe lilikuwa la zamani.

Hapo kesi ikafunuka. Ubao ule ulikuwa wa aina ya B450, ambayo ilitoka mwaka 2018. Prosesa za mfululizo wa Ryzen 5000 zilianza kuuzwa Novemba 2020, na hii ya 5600 ilifuata mwaka 2022. Tundu ni lile lile moja, AM4, na prosesa hukaa ndani yake bila ya tatizo. Lakini bayosi iliyoandikwa kabla ya prosesa kuzaliwa haiwezi kuijua. Ni kama bawabu mwenye orodha ya wageni iliyoandikwa jana: aliyealikwa leo atabisha mpaka achoke. Mbao za aina hiyo zilikuja kutolewa bayosi mpya zinazozitambua prosesa hizi, ila ubao uliokaa rafuni tangu zamani hubaki na orodha yake ya zamani.

Dawa yake yategemea ubao. Mwengine huhitaji kuazimwa prosesa ya zamani unayoijua, ili uamke upate kuandikwa upya. Ubao wa kijana, kwa bahati, ulikuwa na kitufe nyuma cha kuiandika bayosi hata bila ya prosesa. Kijana akapakua toleo jipya kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kwa namba kamili ya ubao wake, akalitia katika flashi iliyopangwa kwa mtindo wa FAT32, akalibadilisha jina kama kitabu cha maelezo kilivyoagiza. Mzee hakukubali kibonyezwe kitufe mpaka alipoazimwa mtambo wa betri wa akiba, kwani umeme ukikatika katikati, ubao hubaki nusu umeandikwa. Kitaa kikapepesa dakika kadhaa, kisha kikatulia. Wakawasha. Skrini ikaleta maandishi. Mama mtu, aliyekuwa amesimama mlangoni na buibui lake tayari kumfuata mwanawe dukani, akasema alhamdulillahi akaketi.

Basi nani alikuwa mwizi? Hapakuwa na mwizi. Ubao ulikuwa mzima na prosesa ilikuwa nzima. Kijana alikwenda dukani alasiri ile, na daftari lake mkononi, akaeleza. Muuzaji akazishusha mbao nyingine za aina ile, akavisoma vijibandiko kimoja kimoja, akaziweka kando zenye toleo la zamani.

Hata hivyo simwondolei muuzaji wajibu wote. Anayeuza ubao na prosesa kwa mkono mmoja inampasa asome kijibandiko, ama auandike ubao upya, ama amwambie mnunuzi waziwazi. Na mnunuzi naye, kabla ya kutoa pesa, aitafute orodha ya prosesa zinazokubaliwa na ubao, ambayo watengenezaji huitoa pamoja na namba ya toleo linalohitajika.

Wanaotaka kujaribu nyumbani nawausia machache. Chomoa waya ukutani kabla ya kutia mkono ndani. Shika chuma kitupu cha sanduku kwanza, ili umeme wa mwilini mwako upite. Unyevu wa hewa yetu ya pwani huupunguza, lakini hauumalizi. Pawa saplai usiifungue abadani, kwa kuwa huhifadhi umeme hata baada ya kuchomolewa. Nyingine za zamani zina swichi ndogo ya 115 na 230. Kwetu umeme ni volti 240, basi iwe kwenye 230 kabla ya kuwasha. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, uandike kilichotokea. Ubadilishapo vitatu kwa pamoja, hata ukipona hutajua kilichokuponya.

Na ikiwa baada ya haya yote kipande kimoja kimebaki na lawama, na umekijaribu katika kompyuta nyingine nzima kikakataa huko pia, basi sheria iko upande wako. Fikihi yetu inampa mnunuzi khiyari ya aibu, yaani haki ya kurudisha bidhaa aliyoikuta na kasoro iliyokuwamo tangu kwa muuzaji. Weka risiti, weka maboksi, nenda mapema, na daftari lako uwe nalo. Ukilifungua juu ya kaunta, hutahitaji kupaza sauti.