Mzizi wa Radi na Baridi Yabisi

Kusini mwa China huota mmea unaoparamia miti, lei gong teng, yaani “mtambaazi wa mungu wa radi”, wenye majani na maua ya sumu. Waganga huutaka mzizi tu, tena uliomenywa vizuri, maana hata ganda lake lina sumu. Mwaka 1972 wanasayansi wa Marekani walitenga humo triptolaidi, kemikali inayotuliza kinga ya mwili. Katika baridi yabisi, kinga hiyo hiyo ndiyo hushambulia viungo.

Mwaka 2014 watafiti wa China walitoa matokeo ya wagonjwa 207 wa baridi yabisi. Kwa waliotumia methotreksati, dawa ya kawaida ya ugonjwa huo, peke yake, asilimia 46 walipungukiwa dalili kwa nusu au zaidi. Waliochanganyiwa na dawa ya mzizi, asilimia 77. Si haba!

Lakini dawa hiyo huweza kukatisha hedhi na kudhoofisha mbegu za kiume, kwa hiyo haiwafai wanaotarajia kupata watoto.