Hasimu, mtani au mshindani? Kenya na Uganda katika mchezo wa raga

Katika somo la tafsiri muhula uliopita tulipewa kipande kifupi cha habari ya michezo kwa Kifaransa, tukitie katika Kiswahili. Sentensi ya kwanza iliziita timu za taifa za raga za Kenya na Uganda "rivaux". Neno moja tu, lakini darasa letu likatoa majibu manne. Wanaosikiliza redio za Kigoma waliandika "watani wa jadi". Mwenzetu aliyesoma sekondari Nairobi aliandika "mahasimu". Wengine waliandika "washindani". Na wachache, bila kusita, waliandika "maadui". Mwalimu hakutupa jibu. Alisema tu: "Someni kwanza historia ya hao watu, ndipo mtajua waitweje." Makala haya yanajaribu kufanya hivyo.

Raga kwa ufupi

Hapa Baraka na Fizi kandanda ndiyo inayotawala, na wengi wetu raga tumeiona kwenye televisheni tu. Kila timu ina wachezaji 15, na mchezo unachukua dakika 80. Mpira una umbo la yai. Mchezaji anaweza kuubeba na kukimbia nao, au kuupiga teke mbele, lakini akimpa mwenzake kwa mkono ni lazima aurushe nyuma au pembeni. Anayeugusisha chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani amefunga trai, pointi 5. Teke la nyongeza baada ya trai ni pointi 2; penalti ni pointi 3. Mchezo ukisimama kwa kosa dogo hufanywa skramu: wachezaji wanane wa kila upande wanashikana, wanainama, wanaingiliana mabega na kusukumana ili kuupata mpira uliotiwa katikati. Tuikumbuke skramu hiyo, tutairudia.

Timu mbili ndani ya nyumba moja

Raga ililetwa Kenya, Uganda na Tanganyika na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Ilikuwa mchezo wa maofisa wa serikali, walowezi na wanajeshi, na kwa miaka mingi Mwafrika aliiangalia kutoka nje ya uzio. Klabu za nchi hizo tatu zilikutana katika mashindano ya pamoja. Moja kati ya hayo ni Kombe la Enterprise, lililopewa jina la meli ya kivita ya Kiingereza ambayo mabaharia wake walilitoa. Mwaka 1953 kiliundwa chama kimoja cha raga cha Afrika Mashariki, na uwanja wake ukajengwa kando ya barabara ya Ngong, Nairobi.

Kwa hiyo, kabla Kenya na Uganda hazijawa wapinzani kamili, wachezaji wao walivaa jezi moja. Mwaka 1955 timu ya Afrika Mashariki ilicheza Nairobi na British Lions, timu teule ya Uingereza na Ireland iliyokuwa ikirudi kutoka Afrika Kusini. Wageni walishinda 39 kwa 12. Mwaka 1962 Lions walirudi, wakashinda 50 kwa 0. Wenyeji wa kila nchi walikuwa pamoja katika kushindwa.

Umoja huo, hata hivyo, ulikuwa wa wakoloni. Uganda ilipata uhuru tarehe 9 Oktoba 1962 na Kenya tarehe 12 Desemba 1963, na uhuru ukauliza swali jipya: mchezo huu ni wa nani? Uganda ilikuwa na chama chake cha taifa tangu 1955. Kenya iliunda chake mwaka 1970. Shule za sekondari zilizokuwa za wazungu zilipofungua milango, vijana Waafrika waliukuta mchezo huo uwanjani wakauchukua. Mwaka 1977 ilianzishwa Nairobi klabu ya Mwamba, iliyoundwa na wachezaji Waafrika wenyewe. Jina lake la Kiswahili lilisimama kati ya majina kama Nondescripts na Harlequins, na jina hilo peke yake lilikuwa tamko.

Hadithi ya Amin kwenye benchi

Hapa inafaa kusimama kidogo, kwa kuwa mwanafunzi wa lugha anatakiwa kujua kutenganisha hadithi na historia. Inasimuliwa mara nyingi kwamba Idi Amin alikuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki siku ile ya mwaka 1955 dhidi ya Lions. Hadithi ina miguu ya kusimamia: Amin alikuwa mwanajeshi wa King's African Rifles, alikuwa bingwa wa ndondi wa Uganda kwa miaka kadhaa, na kweli alicheza raga Jinja katika klabu ya Nile. Lakini jina lake halimo katika orodha ya timu, wala sura yake haimo katika picha ya timu. Zaidi ya hayo, sheria za raga za kimataifa wakati huo hazikuruhusu kumbadilisha mchezaji hata akiumia. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 1968. Mtu hawezi kukaa kwenye benchi ambalo halipo.

Kwa nini basi hadithi inaendelea kuishi? Kwa sababu inafupisha jambo ambalo watu wanalihisi: kwamba kiti cha akiba, mlangoni mwa mchezo wa wakubwa, ndicho alichopewa Mwafrika, na kwamba aliyeketi hapo baadaye aliupindua uwanja mzima. Kama fasihi simulizi ni nzuri. Kama historia haifai.

Miaka ya kufarakana

Amin alitwaa madaraka Uganda tarehe 25 Januari 1971. Mwaka uliofuata aliwafukuza Waasia, na Wazungu wengi nao wakaondoka. Raga ya Uganda, iliyokuwa bado inawategemea wageni kwa wachezaji, makocha na waamuzi, ikadhoofika sana. Februari 1976 Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda, na uhusiano wa serikali hizo mbili ukafika pabaya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika.

Kama mwandishi wa habari wa mwaka 1976 angeandika "mahasimu", nani angemlaumu? Lakini tuangalie vizuri: waliokuwa mahasimu ni watawala. Wachezaji walikuwa wamenyimwa tu mtu wa kucheza naye. Timu bora ya Kenya ilihitaji jirani wa kuipima nguvu, na jirani huyo hakuwa na nafasi ya kujenga timu. Mwaka 1979 utawala wa Amin ulianguka, lakini Uganda iliingia katika vita vingine, na klabu za Kampala zilijengwa upya polepole. Kenya ilikubaliwa katika chama cha kimataifa cha raga mwaka 1990. Uganda mwaka 1997.

Mlima mmoja, kombe moja

Mkataba mpya wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulitiwa sahihi mwaka 1999. Miaka mitano baadaye, mwaka 2004, Kenya na Uganda zilianza kushindania Kombe la Elgon. Kawaida huchezwa mechi mbili, moja nyumbani kwa kila timu. Wanawake nao wana Kombe la Elgon lao.

Jina hilo lilichaguliwa vizuri. Mlima Elgon umekaa juu ya mpaka wenyewe, na kilele chake kirefu, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Wabukusu wa Kenya na Wagisu wa Uganda, wanaoishi kwenye miteremko yake, wanaelewana kwa lugha na wanafanana katika desturi za jando. Wote wanauita mlima huo Masaba. Wasabaoti wa Kenya na Wasebei wa Uganda nao ni ndugu. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Tanganyika hatuhitaji kuelezwa sana: tunajua mpaka unavyoweza kupita katikati ya watu wanaosalimiana kwa lugha moja, na wengi wetu tulizaliwa au tulisoma ng'ambo, Nyarugusu au Lugufu, kabla ya kurudi Baraka kwa meli.

Katika Kombe la Elgon Kenya imeshinda mara nyingi zaidi, lakini Uganda nayo imelichukua. Na si haki kudhani kwamba mdogo amebaki mdogo. Uganda ilikuwa bingwa wa Afrika mwaka 2007, ilipowashinda Madagascar kwao Antananarivo; Kenya ililipata taji hilo mwaka 2011 na tena 2013. Katika raga ya wachezaji saba, Kenya ilishangaza dunia mwaka 2016 ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali ya Singapore. Mwaka huohuo Uganda ilikuwa bingwa wa Afrika wa mchezo huo. Hakuna kati yao iliyowahi kufika Kombe la Dunia la wanaume la wachezaji 15. Hapo wanafanana tena.

Siku ya mechi mashabiki huvuka mpaka kwa mabasi kupitia Busia na Malaba. Kampala, mojawapo ya viwanja vikuu vya raga ni Kyadondo. Ndiko bomu lilikolipuka tarehe 11 Julai 2010, watu walipokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia la kandanda. Bomu jingine lililipuka katika mkahawa wa Kabalagala, na jumla ya watu 74 waliuawa usiku ule. Raga ilirudi Kyadondo, na Wakenya walirudi kucheza pale. Hilo nalo ni sehemu ya historia ya ushindani huu.

Simba wenye "s"

Majina ya timu yanatufaa sisi wanaisimu. Timu ya Kenya inaitwa Simbas: neno la Kiswahili limebandikwa alama ya wingi ya Kiingereza, ingawa katika ngeli yake wingi wa simba ni simba. Uganda inaitwa Cranes, kwa Kiingereza kitupu, kutokana na korongo mwenye taji anayeonekana katika bendera yao. Majina hayo mawili yanaonyesha hali ya Kiswahili katika kila nchi: Kenya kimezoeleka hata kikachezewa, Uganda kwa muda mrefu kilitazamwa kwa mashaka, kama lugha ya askari, na ni mwaka 2005 tu ndipo katiba ilikitambua kuwa lugha rasmi ya pili.

Turudi kwenye neno letu

Sasa tunaweza kuyapima majibu manne.

"Adui" ni mtu unayemtakia mabaya. Adui haalikwi nyumbani kila mwaka, na hukosi mchezo asipokuja. Jibu hilo haliingii.

"Hasimu" limetoka Kiarabu, na lina harufu ya kesi: mtu mnayegombana naye kitu ambacho mmoja tu atakipata. Magazeti ya Kenya yanalipenda, nayo yana haki ya matumizi yao. Lakini linaelezea zaidi mwaka 1976 kuliko Kombe la Elgon.

"Mtani" ni zuri zaidi. Utani wa kweli, kama ule wa Wazaramo na Wanyamwezi, ni mkataba: una ruhusa ya kunicheka hata msibani, lakini una wajibu wa kunisaidia kuzika. Magazeti ya Tanzania yamelipeleka neno hilo kwa Simba na Yanga, na limekaa vizuri. Kwa Kenya na Uganda lina ukweli pia, ila mkataba wao haukurithiwa kwa mababu. Ulivunjika, ukajengwa upya na watu tunaowajua miaka yao.

Linabaki "mshindani", ambalo darasani tulilidharau kwa sababu ni la kawaida. Tulichambue: shinda, kisha kiambishi cha kutendeana -an-. Washindani ni watu wanaoshindana, kama wapendanao na wasaidianao. Haiwezekani kushindana peke yako. Ni kama skramu: upande mmoja ukijiondoa, mwingine hausimami imara zaidi, bali unaanguka kifudifudi. Na ajabu ni kwamba hata neno la Kifaransa tulilopewa linasema jambo lilelile. Asili yake ni Kilatini, "rivalis", yaani anayetumia kijito kimoja na jirani yake. Wanagombania maji, ndiyo, lakini wote wanakunywa humo.

Kwa nini tuhangaike hivi kwa neno moja? Mwaka jana nilikwenda kutazama mechi ya kandanda kati ya mitaa miwili hapa Baraka. Kijana mwenye kipaza sauti alitangaza: "Maadui wetu wanaingia uwanjani!" Vijana wakacheka. Mzee aliyekaa karibu nami hakucheka. Alisema polepole: "Mjukuu wangu, hapa kwetu neno hilo limeshafanya kazi nyingi. Lipumzisheni." Mwandishi wa Nairobi anaweza kulitupa neno kali katika ukurasa wa michezo, na kesho yake likafungiwa maandazi. Fizi neno halifungiwi maandazi. Linabaki na watu waliokwisha kulisikia wakati mwingine, kwa sababu nyingine.

Tangu mwaka 2022 Kongo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Habari za Nairobi na Kampala zitazidi kutufikia, nasi ndio tutakaotakiwa kuzitafsiri. Pendekezo langu kwa wenzangu wa fakulte ni hili: Kenya na Uganda tuwaite washindani. Siku watakapotaniana, tuandike watani. Na tukishika kipaza sauti kando ya uwanja wetu wenyewe, tutumie neno hilohilo kwa mtaa wa pili.