Mtoto Si Mlinzi wa Gari

Wasomaji wetu wanaokaa Koboko, na wale walio katika kambi na vituo vya kazi kando ya barabara iendayo Arua, wanaijua vizuri safari hii. Mshahara umepatikana, shule zakaribia kufunguliwa, na nyumbani imeandikwa orodha ya mahitaji: sare, madaftari, sabuni, dawa ya mzee. Gari dogo latoka Koboko asubuhi mapema, lapita kilomita zipatazo 55 za lami, na baada ya saa moja hivi Arua imeonekana. Hapo ndipo taabu inapoanza, kwani gari limefika lakini halina pa kusimama.

Arua ilifanywa jiji tarehe 1 Julai 2020. Jina limekua, na watu wamekua pamoja nalo, lakini barabara zinazozunguka soko hazikupata upana kwa sababu ya jina. Barabara ya lami ya kilomita 92 kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko, mpaka Oraba, imeleta malori yaendayo Sudan Kusini na Kongo. Tangu wakimbizi wengi wa Sudan Kusini walipoingia mwaka 2016, magari ya mashirika ya misaada nayo yameongezeka. Juu ya hayo kuna pikipiki. Gari dogo moja lahitaji nafasi ya mita 5 kwa mita 2 na nusu. Mahali hapo hapo pikipiki 5 zaweza kusimama, na lori lenye trela laweza kula nafasi ya magari matatu au zaidi. Mtu huzunguka soko mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, huku petroli inaungua na jua linapanda.

Mwisho wake wengi wetu hufanya jambo ambalo twaliona kuwa ni ujanja. Gari husimamishwa popote, hata mahali pasiporuhusiwa, na mtu mmoja huachwa ndani yake. Mtoza ada akija ataambiwa, "Baba anakuja sasa hivi." Mara nyingi mtu huyo ni mtoto, maana mama anahitajiwa sokoni kupatana bei.

Siandiki haya ili kumsuta mtu, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeyatenda. Ilikuwa mwezi wa Januari, katikati ya kiangazi. Nilimwacha kijana wetu wa miaka mitano katika kiti cha nyuma, nikateremsha kioo kiasi cha vidole vitatu, nikamwambia atulie. Duka la sare lilikuwa na watu wengi. Dakika kumi nilizokusudia zikawa arobaini. Niliporudi nilikuta mlango u wazi, na mama mmoja auzaye chai kando ya barabara amempakata mtoto kivulini, amemvua shati na anammwagia maji kichwani. Mtoto alikuwa ametapika. Yule mama alikuwa amemsikia akilia, kisha akaona kilio kimekatika, ndipo alipokuja kufungua. Hakunifokea. Aliniuliza tu, "Baba, hapa mwalipishwa shilingi ngapi?" Nilipomtajia akasema, "Si ungeniambia? Ningekulipia mimi."

Mke wangu hakusema neno mpaka tulipofika Koboko.

Nilipopata fahamu zangu nilitafuta kujua jambo hili hutokeaje. Mwaka 2005 madaktari na wataalamu wa hali ya hewa huko Marekani walichapisha vipimo vya joto ndani ya gari lililofungwa juani. Katika saa moja joto la ndani liliongezeka kwa nyuzi 22 hivi za Selsiasi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilipatikana katika nusu saa ya kwanza. Kuteremsha kioo kidogo hakukusaidia sana. Basi ikiwa nje ni nyuzi 32, ndani ya gari zaweza kupita 50. Mwili wa mtoto mdogo hupata joto upesi mara tatu hata tano kuliko wa mtu mzima. Mtoto akikutwa katika hali hiyo, atolewe mara moja, apelekwe kivulini, avuliwe nguo, aloweshwe maji na kupepewa. Akiwa na fahamu apewe maji ya kunywa kidogo kidogo. Akilegea, akitapika, akipayuka au kushikwa na degedege, ni wa kupelekwa hospitali bila kungoja, huku mnaendelea kumpoza njiani.

Sasa tuihesabu gharama tuliyokuwa tukiikimbia. Kwenda Arua na kurudi Koboko ni kilomita 110. Gari liendalo kilomita 10 kwa lita litachoma lita 11. Katika safari zangu zote sijapata kulipa ada ya saa mbili iliyofikia bei ya lita moja ya petroli. Kwa maneno mengine, mtu aliyekwisha kutoa lita 11 anamweka mwanawe rehani kwa sababu ya lita ya kumi na mbili. Na asiye na mzigo mkubwa afadhali aliache gari Koboko, apande teksi pamoja na wenzake.

Wapo wanaoona kuwa ada hiyo ni unyang'anyi mtupu. Mimi sikubaliani nao kabisa, ijapokuwa asiyetoa stakabadhi asilipwe. Mtambo wa kwanza wa kutoza ada ya kuegesha uliwekwa Oklahoma City, Marekani, mwezi Julai 1935, kwa senti 5 kwa saa. Aliyeuanzisha, Carl Magee, alikuwa mwenye gazeti. Wenye maduka walilalamika kwamba wafanya kazi wa mjini huacha magari yao mbele ya maduka kutwa nzima, na wanunuzi wanakosa nafasi. Kwetu Arua, chunguza utaona jambo la kuchekesha: mara nyingi gari lililoziba mlango wa duka tangu asubuhi ni la mwenye duka.

Nafasi ya bei nafuu huonekana kwa anayefika mapema. Saa mbili asubuhi kuna nafasi. Saa nne zimekwisha. Aliyechelewa asing'ang'anie soko. Katikati ya Arua si kubwa, na mtu mzima aweza kuivuka kwa miguu kwa dakika ishirini hivi. Yafaa kuegesha pembeni, katika uwanja wa nyumba ya wageni au wa kituo cha petroli, baada ya kumwomba mwenyewe na kupatana bei ya kutwa kabla ya kuzima injini. Mzigo utaletwa na mkokoteni. Ukitegemea kivuli cha mwembe, simamisha gari upande wa mashariki wa mti, maana alasiri jua huwa magharibi na kivuli huangukia mashariki. Lango la hospitali liachwe wazi, na askari mwenye gari lake binafsi asijione kuwa sare yamruhusu kuliziba.

Koboko nako kuna hatari yake, kwa sababu ya mipaka. Kongo na Sudan Kusini magari hupita kulia, sisi hupita kushoto. Gari la huko, lenye usukani wa kushoto, likiegeshwa kando ya barabara yetu, dereva hushukia ukingoni kwa usalama, lakini abiria aliye mbele hufungua mlango wake katikati ya njia, penye pikipiki. Wake zetu na watoto wakipewa lifti katika magari hayo, washukie upande wa ukingo.

Siku hizi twaondoka Koboko kungali giza. Kijana wetu, ambaye sasa yuko darasa la nne, ndiye atunzaye stakabadhi katika mfuko wa shati, naye hutembea nasi sokoni akilalamika kuwa miguu yamuuma. Yule mama wa chai bado yupo mahali pake. Tukipita hapo hukitazama kwanza kiti cha nyuma, ndipo humimina chai.