Santuri, nyama choma na bendi: Jumamosi moja Nairobi

Kila tukicheza zilipendwa, swali linalorudi kwenye simu zetu ni hili: santuri zenyewe zinapatikana wapi siku hizi? Mahali pamoja ni Soko la Kenyatta, Nairobi, karibu na Hospitali ya Taifa ya Kenyatta. Humo, katikati ya wasusi wa nywele na wachoma nyama, huuzwa santuri za benga, rumba na muziki wa nje. Ukipanga Jumamosi yako vizuri, utanunua, utakula na jioni utasikiliza bendi.

Ukifika, agiza nyama kwanza. Huuzwa kwa kilo na huchukua muda kuiva, na muda huo ndio wa kuchagua santuri. Ukishakula, usizishike tena kabla ya kunawa kwa sabuni. Mafuta yakiingia kwenye mifereji hunasa vumbi.

Shika santuri kwa kingo, uiinamishe kwenye mwanga. Mikwaruzo myembamba italeta mchakacho tu, lakini mkwaruzo unaoukwaza ukucha utarusha sindano. Itazame pia kwa ubavu uone kama imepinda. Hakikisha jina kwenye lebo ni lile la jalada, kwani majalada hubadilishwa sana. Kisha omba ichezwe. Muuzaji anayekataa, mwache na mali yake. Zile za zamani zaidi, zinazozunguka mara 78 kwa dakika, huvunjika kama kigae na huhitaji sindano ya aina yake, kwa hiyo uliza kwanza kama mashine yako inaziweza.

Santuri ndogo, ya mizunguko 45, hubeba dakika chache tu kila upande. Nyimbo zetu za dansi ni ndefu, hivyo nyingi zilikatwa mara mbili: upande wa kwanza maneno, upande wa pili magitaa yanapochachamaa. Ukinunua iliyoharibika upande wa pili, umepoteza sehemu ya kuchezea. Kwa maoni yetu, huo ndio upande wa kujaribu kwanza dukani.

Usishangae kukuta humo bendi za Tanzania. Tanzania haikuwa na kiwanda cha santuri, na nyimbo za bendi zake zilitengenezewa Nairobi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mpaka ulifungwa na njia hiyo ikawa ngumu. Wakati huohuo wanamuziki waliotoka Tanzania walikuwa wakivuma Nairobi. Les Wanyika, bendi ya "Sina Makosa", iliundwa huko mwaka 1978.

Hapa tuna neno kwa walio na kasha la santuri za babu darini. Kanda za studio za nyimbo nyingi zimepotea, na huenda nakala yako ni miongoni mwa chache zilizobaki. Anayekuja kununua rundo zima kwa bei ya jumla, mwombe asubiri. Piga picha lebo zote kwa simu, kisha uliza bei kwa wauzaji wawili au watatu. Na ujue kwamba kuuza santuri si kuuza wimbo. Haki ya kuutoa upya hubaki kwa mwenye wimbo.

Jioni, waulize wauza santuri bendi gani inapiga wapi. Wanajua kuliko mabango. Jukwaani hakuna wa kugeuza upande: wimbo uliokatwa mara mbili utausikia mzima, na mpiga solo akikolea hataangalia saa. Muulize mapema mhudumu kama kuna kiingilio au kinywaji cha lazima.

Santuri usiingie nazo klabuni. Mwachie mwenyeji wako, zikiwa zimesimama wima, mbali na jua na jiko. Na kwenye gari la kurudi nyumbani zipakate mwenyewe, maana juu ya injini zitapinda kabla hamjatoka mjini.